Jina la Boke Kwenye Ubao

Buhemba, Butiama
9 Septemba 2024

Dada Scholastika,

Kuna sauti moja haijanitoka. Siku ile tulipoufungua ubao kwa mara ya kwanza, darasa lako huko Musoma na langu huku, Boke alikuwa ameandika nusu ya sentensi. Akainua mkono ili afikiri, na hapo hapo maneno yakaanza kujiandika mbele ya macho yake. Alikuwa Sara wako, anamalizia sentensi ya mwenzake asiyemjua. Boke alivuta pumzi kwa mdomo, kwa nguvu, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, akabaki nayo kifuani bila kuitoa. Darasa zima liliisikia. Halafu wakacheka, naye akacheka, na mimi nikajiambia kwamba hata kama mwaka huu sitafanya kitu kingine chochote cha maana, nimefanya hiki.

Sasa ni wiki ya pili Boke hayupo.

Umeniambia nisikutumie ujumbe wa simu juu ya jambo hili, niandike kwa karatasi na kumpa mama Burito anayekuja mnadani na dagaa. Sikuelewa sababu, lakini nimetii.

Alhamisi Mwalimu Hezron, mkuu wetu wa shule, aliniita ofisini nimweleze upya huo ubao ni kitu gani, mbele ya baba yake Boke, mzee Keraryo. Nikaeleza kwamba ni ukurasa mmoja mkubwa ulioko mtandaoni. Watoto wa shule mbili wanaufungua kwa wakati mmoja, huyu anachora, yule anaandika, na jina la kila mmoja linaonekana kando ya anachokifanya. Wanatunga hadithi ya picha. Mzee alinisikiliza akiwa ameweka kofia magotini. Nilipomaliza alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, kwamba ng'ombe wameshaingia zizini kwake, wakwe wanangoja Desemba, na binti aliondoka hapa shuleni akiwa na sare hakufika nyumbani. Mkuu akanigeukia.

“Madam, mtoto wa mtu hapotelei kwenye kompyuta. Aliingilia upande huu akatokea upande wa pili. Wewe ndiye unayeujua huo mlango.”

Siujui mlango wowote, Dada. Ningeujua ningelala. Mkuu amefunga maabara ya kompyuta, na vishikwambi nilivyokuwa naazima kwa walimu wenzangu vimerudishwa kwa wenyewe. Hadithi ya watoto imebaki katikati.

Wewe ni mtu wa ziwani, huenda hili hulijui vizuri. Kwetu Wakurya kaka na dada hufungwa pamoja. Ng'ombe wanaotolewa kwa dada ndio kaka anaoolea. Boke amefungwa na Ryoba, yule kijana anayechimba dhahabu hapa Buhemba. Nilimwona wakati tunafungua akaunti za wanafunzi. Watoto hawana barua pepe, kwa hiyo nilitumia namba za simu za nyumbani kwao, kama tunavyofanya kwa kila kitu. Baba yake Boke ana simu ya kitochi tu, hivyo Boke alileta namba ya Ryoba, mwenye simu janja. Ryoba mwenyewe alikuja, akasimama mlangoni pa darasa na vumbi lake la machimbo, akatusomea tarakimu zilizoingia kwenye simu yake. Kisha akasema, “Madam, na mimi niandikishe, nijifunze kuchora ng'ombe kabla hawajafika.” Watoto wakacheka sana. Boke hakucheka. Nilidhani anamwonea kaka yake aibu.

Unakumbuka anavyochora? Watu wote kwa mgongo. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu kwamba uso unamshinda, akichora uso mtu anakuwa mwingine.

Mimi nimefungwa na kaka yangu Eliasi. Nilisoma, yeye akangoja. Hadi leo hajaoa, na hajawahi kunitamkia neno. Nikienda nyumbani huja kunipokea begi stendi, na huwa siwezi kumtazama. Pengine ndiyo maana siwezi kumwacha mtoto huyu apotee. Au pengine ninamtafutia Boke kitu ambacho nilikipata mimi na sijui kama nilistahili. Usiku najiuliza hivyo, asubuhi naingia darasani na kufundisha viambishi.

Kama umesikia lolote, niambie.

Mdogo wako,
Ghati


Nyakato, Musoma
13 Septemba 2024

Mdogo wangu Ghati,

Barua yako imefika ikinuka dagaa, nikaisoma nikiwa nimesimama jikoni.

Nisikilize. Usimtafute Boke. Usiende kwa jirani zake, usiulize kwenye machimbo, usipige kelele kanisani. Mtoto mwenye akili ya kuchora mgongo wa mtu na wote tukamtambua, ana akili ya kujihifadhi. Kila unapouliza unamwonyesha baba yake njia ya kuulizia.

Kwangu nimesimamisha ubao. Nimewaambia wanafunzi kwamba kifurushi cha intaneti kimekwisha. Wamenuna. Sara amenuna kuliko wote na hataki kunisalimia. Mimi mwenyewe siufungui tena, na wewe usiufungue.

Kula. Nakujua wewe, ukiwa na jambo moyoni unakunywa chai kavu siku nzima ukijiona mtakatifu.

Hivi huyo mtoto ana mwiko wa chakula? Nasikia kuna watu kwenu hawagusi samaki wa kamongo hata kwa dawa. Nauliza tu.

Na hili la mwisho ulishike. Ukipata habari yoyote, itoke kwa yeyote, usimjibu mtu kabla hujaniandikia mimi.

Dada yako,
Scholastika


Buhemba
18 Septemba 2024

Dada,

Boke yuko hai. Nimezungumza naye.

Naandika haraka, utanisamehe mwandiko. Simu yangu iliangukia kwenye beseni la nguo Jumapili na haijawaka tena, kwa hiyo nimekuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani. Leo Mwalimu Hezron amekwenda kikaoni Butiama. Nikamwomba mtunza stoo ufunguo wa maabara, nikamdanganya kwamba naingiza alama. Najua ulinikataza. Lakini wewe una watoto wako wote unawaona jioni, mimi wangu mmoja simwoni.

Nilipoufungua ubao, jina lake lilikuwa pale. Dada, lilikuwa linatembea. Kile kimshale chenye jina lake kilikuwa kinapita juu ya picha, polepole, kama mtu anayepita kwenye nyumba ya zamani akigusa kuta. Kisha kikasimama, yakatokea maneno: “Madam upo?”

Nililia pale pale kwenye kiti. Nikamwuliza kama ni mzima. Akasema ni mzima ila ana njaa, amejificha, hana pa kwenda. Sikuwa mjinga kabisa. Nikamwuliza nitajuaje kwamba ni yeye. Akachora ng'ombe. Alikuwa na macho mawili makubwa na pua, anatutazama. Nikashtuka kidogo kuona uso. Halafu nikajiambia kwamba njaa na hofu vinaweza kumfundisha mtu hata kilichokuwa kinamshinda.

Akauliza aende wapi. Nisamehe kwa kukupa mzigo bila kukuomba. Sikuwa na jina lingine kichwani. Nilimwelekeza kwako. Nimemwambia nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya kanisa, hapo Nyakato, aulize nyumba ya Madam Scholastika, atafunguliwa. Akaandika “asante madam,” jina likatoweka.

Akifika mpe chochote, hana mwiko wowote ninaoujua. Ulinituliza kwa swali lile la kamongo, nilielewa, nilicheka peke yangu. Mpe kitanda. Mwambie sijakasirika kwamba hakuniambia. Kwa kweli nimekasirika. Kwa nini hakuja kwangu, Dada? Ninakaa hatua chache kutoka darasani kwake. Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka. Ukimwona, usimwulize, lakini ukisikia sababu, niambie.

Ghati


Nyakato
20 Septemba 2024

Ghati,

Boke yuko kwangu tangu siku aliyoondoka kwenu.

Alifika shuleni kwangu jioni akiwa na sare, akamwulizia Sara, na Sara akamleta hadi mlangoni pangu kabla hajampeleka hata kwao. Hana simu. Tangu siku ile hajagusa simu wala kompyuta. Analala na binti yangu, na kamongo hali, nilipompikia alikwenda kutapika nyuma ya nyumba.

Sikukuambia kwa sababu usichokijua hakuna atakayekunyang'anya. Ofisini kwa mkuu wako ungeulizwa kwa upole ukajibu kwa macho. Nilidhani nakulinda. Nakiri sasa kwamba nilikuacha peke yako na hofu, na mtu mwenye hofu hufungua mlango wowote unaogongwa.

Fikiri ni simu ya nani iliyopokea tarakimu siku ile. Akaunti ya Boke ilifunguliwa pale na haikufungwa. Anayeishika simu hiyo ndiye Boke.

Jana kabla ya magharibi kijana alisimama getini. Mrefu, ana kovu kwenye kidevu, mstaarabu. Akaomba maji ya kunywa. Nilimpa kwa mkono wangu. Alikunywa taratibu huku akitazama juu ya bega langu, uani, ambako sweta ya shule yenu ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Boke alikuwa jikoni na watoto, wanacheka. Akanirudishia kikombe, akasema asante mama, akaondoka. Leo asubuhi ndipo mama Burito akanipa barua yako. Nilipoisoma nilimweleza Boke yule kijana alivyo. Akakaa chini sakafuni.

Nimekupigia tangu asubuhi hupatikani, maabara yenu imefungwa, na kwenye ubao siwezi kukuandikia kwa sababu Ryoba anasoma. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi kama watu wa zamani. Tunaondoka sasa hivi kwenda kwa mama yangu Bunda. Watoto wangu wamebaki kwa shemeji.

Uliuliza kwa nini hakuja kwako. Nilimwuliza. Alisema: “Madam Ghati angenipeleka polisi. Ana moyo wa kwenda mpaka mwisho.” Zaidi ya hapo amesema jambo moja tu na amelirudia kila siku: kaka asiguswe. Akisikia Ryoba amekamatwa atarudi nyumbani mwenyewe kwa miguu na kuolewa, ili atolewe. Nilijaribu kumpinga. Huwezi kumpinga.

Usiufungue tena ubao.

Scholastika


Buhemba machimboni
24 Septemba 2024

Kwa Madam Ghati,

Habari ya kazi madam. Mimi ni Ryoba Keraryo kaka yake Boke. Naandika kwa mkono wangu na jina langu kwa sababu la dada nimelitumia vya kutosha.

Ni mimi uliyeongea naye kwenye ubao. Ulisema asante Mungu, nikaona maneno yako yanakuja moja moja, nikataka kuzima simu. Sikuzima. Nilijua ukinielekeza nitamrudisha nyumbani na mambo yataisha. Wewe ni Mkurya, unajua. Ng'ombe zikirudi kwa wenyewe, mimi sioi. Msichana wangu yuko Nyamuswa, ameshanisubiri misimu miwili, na kaka zake wananitumiaga salamu za kejeli.

Nilifika Nyakato. Yule mama alinipa maji. Nilimsikia Boke anacheka ndani. Madam, nyumbani Boke hachekagi hivyo. Sikumbuki kama nilishawahi kumsikia akicheka bila kuweka mkono mdomoni. Nikanywa maji nikaondoka. Njiani nilikasirika nikataka kurudi, nikashindwa.

Baba nilimwambia sijapata kitu. Ila baba mdogo Masatu hakuamini, ameninyang'anya simu. Yeye anajua kusoma. Maelekezo yako ameshayaona, geti la bluu na kanisa. Wanakwenda Jumamosi, yeye na baba na watu wawili wa upande wa wakwe. Nimesikia pia wanasema yule mwalimu wa Musoma atakuwa ameshamhamisha, kwa hiyo Masatu anausoma ubao wote kuanzia juu, kipande kwa kipande, kama mtu anayeosha mchanga akitafuta punje ya dhahabu. Kila jioni anasoma kidogo kwa sababu macho yake mabovu. Mimi ubao naujua wote. Kule chini kabisa upande wa utambulisho Madam Scholastika aliwaandikia watoto kwamba mama yake anauza mbegu Bunda karibu na soko. Hajafika pale. Akifika mtajua wenyewe.

Nilikuwaga naufungua kila siku. Duarani, kwenye shimo la dhahabu, tukitoka chini kupumzika, wenzangu wanakuja kuangalia Boke amechora nini. Walikuwa wanabishana ile hadithi itaishaje. Nilisema ni dada yangu huyo. Walinipa heshima.

Nakuomba kitu kimoja madam. Polisi hapana. Baba akifungwa mama atabaki na mimi, na mimi nitabaki na macho ya ukoo wote. Ila na wewe ukikaa kimya, Jumamosi inakuja. Mimi sijui nakuomba nini. Wewe umesoma.

Ryoba


Bunda
26 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Tupo salama kwa mama. Amempa Boke kazi ya kupima mbegu za mchicha kwenye vikaratasi na ameanza kumwita mjukuu. Nyumba ni ndogo, ukipiga chafya kila mtu anakuambia pole.

Nilikuandikia vibaya mara ya mwisho, nimelirudia kichwani na sikupendezwa. Kosa ni letu wawili. Mimi nilificha, wewe ukaharakisha.

Boke hasemi sana. Jana tu ndipo ameuliza jambo, na halikuwa la nyumbani. Ameuliza kama ubao upo. Kuna kipande chake hakukimaliza, yule msichana wa kwenye hadithi akiwa amesimama ukingoni mwa maji, na Sara alikuwa ameshaandika maneno ya upande wake yanangoja picha. Anasema ameshajua jinsi ya kukichora. Ana karatasi, nimemwambia achore kwenye karatasi. Akasema kwenye karatasi Sara hayupo.

Nimemwahidi kwamba mambo yakitulia atakikuta kama alivyokiacha. Nimefanya vema, au siyo? Ubao unao wewe.

Niambie pia umeamua nini. Najua kuna kitu unakizungusha kichwani. Ukinyamaza hivi huwa umeshafika mbali.

Scholastika


Buhemba
30 Septemba 2024

Dada Scholastika,

Barua yako ya Bunda nimeipata leo kwa kondakta. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kitanda kisicho na shuka, kwa sababu shuka ziko kwenye begi. Nitakueleza kwa mpangilio, nisije nikaruka jambo kwa aibu.

Jumanne Ryoba aliniletea barua ya mkono wake. Aliipitisha chini ya mlango, nilipofungua alikuwa ameshafika barabarani na hakugeuka. Ameandika kwamba ni yeye aliyekuwa kwenye ubao, jambo ambalo wewe ulishalijua. Ameandika pia kwamba simu yake imechukuliwa na baba mdogo Masatu, na Masatu alikuwa anausoma ubao mzima kuanzia juu akishuka chini, na chini kuna utambulisho wetu. Unakumbuka tulivyowafundisha watoto kujitambulisha? Tuliwaambia waandike jina, kwao, na kitu kimoja wanachokipenda. Wewe uliandika duka la mbegu la mama yako. Nilisoma mstari huo wa Ryoba nikiwa bado nimeshika kitasa.

Sikuingia darasani kipindi cha nne. Nilikwenda Butiama, nikaingia stesheneri moja wanayochapa kazi za watu, nikaomba kompyuta. Dada mwenye duka alikuwa anamchapia mtu kadi za mchango wa harusi, akaniambia ningoje foleni. Nikangoja. Kadi zilikuwa za rangi ya dhahabu na zilikuwa zinakwama kwenye mashine, mwenye harusi anamtania kwamba bibi harusi atazeeka. Nilikuwa nimekaa nyuma yao nikihesabu vidole vyangu kama mtoto.

Kabla ya kufanya nililotaka kufanya, niliutazama ubao wote. Nilianzia kule juu ambako watoto wako walichora ziwa na wangu wakachora vilima, na wakabishana juma zima vikutane wapi. Nilimwona msichana wa Boke ukingoni mwa maji, ametupa mgongo. Chini yake maneno ya Sara yanangoja. Pembeni kulikuwa na yule ng'ombe mwenye uso, na mazungumzo yangu na jina la Boke. Nikaona jinsi nilivyokuwa naandika kwa haraka, herufi zimerukwa, furaha yote ile. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale. Kisha nikaona kitu kingine. Mtu yeyote wa serikali akiuomba ubao huu, ataona tarehe, ataona saa, ataona namba ya simu iliyo nyuma ya jina. Ataona kwamba aliyejifanya Boke kwa ulaghai ni Ryoba. Ubao ule ungemnasa Boke akiusoma Masatu, na ungemfunga Ryoba akiusoma polisi.

Ubao niliufungua mimi, uko kwa jina langu. Nikiufuta unafutika kwa wote. Nikaufuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika, nikajibu ndiyo. Nikaingia kule vinakokaa vilivyotupwa, nikavifuta na huko, ikaniuliza tena. Hakuna nakala. Nilikuwa nimewaambia watoto kwamba uzuri wa mtandao ni kwamba kazi haichaniki wala haimwagikiwi chai.

Kwa hiyo ile ahadi uliyompa Boke haipo. Ilikuwa imeshakufa siku moja kabla hujaitoa.

Kutoka stesheneri nilivuka barabara nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa ni mama mtu mzima, alinipeleka mwenyewe kwenye dawati la jinsia polisi, akakaa karibu yangu. Nimewataja mzee Keraryo, Masatu na wakwe. Polisi walikwenda zizini kuwaona ng'ombe kwa macho yao. Ijumaa walimchukua mzee na Masatu, na wale wa upande wa wakwe wakakimbilia Serengeti. Jumamosi imepita, Dada. Nilikaa siku nzima nikisikiliza barabara. Mzee amedhaminiwa Jumapili, amesaini kwamba hatamwozesha, na wakwe wametuma mtu kuulizia ng'ombe wao. Mama yake Boke hanijibu salamu. Simlaumu. Simu ameshaichukua Ryoba, amesema haoni ubao. Nimemwambia haupo.

Leo asubuhi ilibidi nisimame mbele ya darasa. Mwalimu Hezron alitaka awaambie yeye, nikaomba niwaambie mimi. Niliwaambia kwamba hadithi yao nimeifuta, kwamba sitaweza kuwaeleza sababu, na kwamba haikuwa kosa la mtandao wala la mtoto yeyote. Emanuel, yule aliyechora vilima vyote, ndiye aliyeinua mkono.

“Picha zetu zote, madam?”

“Zenu zote.”

Akashusha mkono. Akafungua daftari la hesabu akaanza kunakili swali, na halikuwa somo la hesabu. Nilitamani wapige kelele.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, ila ndilo nililokuwa nalizungusha. Pale dawatini waliniuliza mzee Keraryo alijuaje Boke yuko Nyakato. Swali lilikuwa rahisi, na jibu lake lilikuwa Ryoba. Nilimkumbuka Eliasi. Nilikumbuka pia uliloniandikia, kwamba kaka akiguswa Boke atarudi kwa miguu, na kwamba mimi ninajulikana kwa watoto kama mtu wa kwenda mpaka mwisho. Nikasema nilimwelekeza mzee mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, alipokuja shuleni, kwa sababu niliona baba ana haki ya kujua aliko mtoto wake. Yule mama wa ustawi aliyekuwa amekaa karibu yangu alisogeza kiti. Si uongo wote. Maelekezo yalikuwa yangu, neno kwa neno. Nimebadilisha tu masikio yaliyoyapokea. Jina la Ryoba halimo popote kwenye maelezo yale, na ubao ambao ungenikanusha haupo.

Kwa hiyo kwenye karatasi za serikali mimi ni mwalimu aliyemtoa mwanafunzi wake kwa baba anayetaka kumwoza. Barua ya kunisimamisha kazi ilikuwa mezani kwa mkuu saa tatu asubuhi. Mwalimu Hezron aliniuliza kama nitakata rufaa. Nilimwambia sitakata, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu asiyenielewa badala ya mtu asiyenipenda. Nikamwomba kitu kimoja, asaini uhamisho wa Boke kwenda shule ya Bunda, na bila kubishana akasaini. Nimeuambatanisha hapa. Mpeleke kesho, wasije wakabadili mawazo.

Mwambie Boke kaka yake hakuguswa. Mwambie ubao niliufuta mimi, usimpe sababu, anikasirikie. Hayo mengine yabaki kwako.

Maelezo nimeshayasaini, kila ukurasa, na dole gumba juu yake.

Ghati